Pita, Nami Nipo

Nimechoka. Nalisema mwanzo ili msije mkanidai furaha baadaye, maana watu wakisikia habari za michezo hutaka furaha, hutaka mtu alie kwa ushindi huku amejitanda bendera mabegani. Sina. Nilicho nacho ni miguu miwili iliyovimba, fulana ya kukimbilia yenye jina lisilo langu, na swali ambalo nimekimbia nalo mpaka limenizoea. Swali lenyewe ni hili: nchi huitwa kwa sababu ipo, au ipo kwa sababu imeitwa? Waulizeni wa nchi kubwa, watacheka. Mkubwa hajiulizi kama yupo, kama vile mwenye nyumba asivyopiga hodi kwake. Sisi wa kisiwa kidogo hujiuliza kila tunapofika getini, mlinzi akatutazama, akatazama ramani yake, akatutazama tena, kisha akaita mwenzake aje naye atutazame.

Hapa nilipo panaitwa Mji wa Michezo, na sijui nimefika lini. Taa za mji huu hazizimwi, kwa hiyo usiku hakuna, na pasipo usiku siku hazina pa kukatikia. Nakumbuka tuliingia uwanjani na gwaride la ufunguzi. Lakini mataifa ni mengi mno. Mkia wa gwaride ulikuwa bado unaingia kwa mlango wa mashariki wakati kichwa chake kishatokea mlango wa magharibi, na huko nje kikaambiwa kigeuke, kirudi ndani kwa ajili ya kufunga. Basi kufungua na kufunga vikakutana katikati ya uwanja, vikapishana. Mimi nilikuwa pale katikati nimeshika bendera yetu, nikapigwa kikumbo na mtu aliyekuwa anaaga. Nadhani nilikuwa binti wakati ule. Sasa nina magoti ya bibi yangu. Wenzangu wananiambia tumekuja juzi tu, na mimi sibishani nao, maana kubishana nako kunataka nguvu.

Jina langu Mwatima binti Haji, mkulima wa muhogo, mama wa watoto wazima. Ila hapa naitwa Kidawa, na naitika. Kisiwa chetu kina fulana moja ya mbio ndefu, na mgongoni imetariziwa jina la mwanamke wa kwanza kuivaa, Kidawa, ambaye amelala nyuma ya msikiti wetu tangu mama yangu hajazaliwa. Hakuna aliyethubutu kulifumua jina lile. Kumfumua marehemu si adabu. Kwa hiyo kila anayekimbia huwa Kidawa, na watu wa Mji wa Michezo, ambao hawana habari na sisi, wanaamini ni yule yule. Jambo la pekee wanalolijua kuhusu nchi yetu ni kwamba ina mama mmoja asiyekufa, huja kila michezo, huwa wa mwisho, huondoka. Mwandishi mmoja wa habari alinishika mkono akaniuliza siri ya umri wangu. Nikamwambia ni muhogo. Akashukuru sana, akaenda kutangaza.

Tulikuja wanne. Mkuu wa msafara ni Vuai, mdogo wangu kwa upande wa shangazi, mtu mpole wa suti moja, ambaye pia ndiye kocha, daktari, msemaji na mfua nguo. Binti wa kuogelea ni Miza, na Miza alishikwa na homa ya viyoyozi tangu tulipofika. Yuko chumbani chini ya mablanketi, meno yanagongana, na maji ya bwawa hajayaona. Wa kunyanyua vyuma ni Pandu, na habari ya Pandu nitaisema taratibu kwa sababu bado inaniuma.

Kwetu hakuna anayenyanyua kizito peke yake. Ukimwona mtu kainamia gunia, unakwenda kushika upande wa pili, hata kama mmekosana, hata kama jana mmepelekana kwa sheha. Ugomvi utaendelea gunia likishakaa mahali pake. Basi Pandu alipoitwa alipanda jukwaani, akapaka mikono chaki, akainama, akashika chuma upande mmoja, akasubiri mwenzake aje ashike upande wa pili. Akasubiri. Akainua uso akawatazama wale majabari waliokaa kando na mataulo yao shingoni, akawaashiria kwa kichwa, haya jamani, tushike. Kengele ikalia, wakamtoa. Kule nyumbani mazoezi yake yote alifanya na mdogo wake, na Vuai, kocha wetu, hakuona ajabu, kwa sababu na yeye ni mtu wa kisiwani. Pandu aliporudi chumbani hakuwa na hasira. Alikaa kitandani akaniuliza, shangazi, watu wote wale wenye misuli, ilikuwaje hata mmoja asinyanyuke?

Nikabaki mimi.

Nasema nikabaki mimi kwa sababu Mji wa Michezo una sheria, na sheria yenyewe haina makelele. Si lazima ushinde. Hakuna anayewatarajia wadogo kushinda. Ila kila nchi itoe angalau mtu mmoja amalize mchezo mmoja. Ikikosa hata huyo, bendera yake hushushwa ikakunjwa, na kwenye mwito wa mwisho jina lake haliitwi. Mnaweza kusema, jina tu? Hata mimi nilisema hivyo zamani, nilipokuja kumbebea maji Kidawa aliyenitangulia. Lakini kwenye korido yetu tulikuwa na majirani. Mlango wao ulifuatana na wetu. Walikuwa watu wa ndimu sana, kila wanachopika wanakamulia ndimu, na kati yao alikuwako mama mmoja mcheshi aliyekuwa akinisuka nywele nikimsimulia mambo ya watoto wangu. Mwaka mmoja hawakumaliza hata mchezo mmoja. Tuliporudi mara iliyofuata, pale ulipokuwa mlango wao palikuwa ukuta, rangi ile ile, hauna hata ufa. Harufu ya ndimu bado inapita pale, mimi naisikia na Vuai anaisikia. Nimemuuliza mlinzi walikwenda wapi, akaniuliza akina nani. Nikafungua mdomo kutaja nchi yao, na hakuna kilichotoka. Mpaka leo hakitoki.

Ndiyo maana, asubuhi ya mbio, kama ilikuwa asubuhi, Vuai hakunihimiza. Alipiga magoti akanifunga kamba za viatu kwa mikono yake, na mimi nikamwachia, ingawa kiongozi hafungi mtu viatu. Kule kisiwani, alisema, watu wote wamekwenda skuli, kwenye televisheni, wameketi kwenye madawati ya watoto wanangoja kusikia jina likiitwa. Halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa.

“Dada Mwatima, usipofika, wale waliokaa kule skuli watakuwa wamekaa wapi?”

Nilimwambia kamba ya kushoto imebana.

Sasa niwaeleze njia yetu, maana pasipo hiyo hamtaelewa kilichonikuta. Kisiwa chetu kina njia moja. Inazunguka kisiwa kizima, upande huu mawe ya pwani, upande huu mihogo, na upana wake ni wa mtu mmoja. Ukimkuta mtu mbele yako humpiti hivi hivi. Unasema kutoka nyuma, “Njia, ndugu yangu.” Naye bila kugeuka anajibu, “Pita, nami nipo.” Ndipo unapita. Asipojibu, unabaki nyuma yake mpaka afike aendako. Wageni hudhani ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Siyo. Njia yetu ni duara. Aliye nyuma yako, mpe muda, utamkuta mbele yako, kwa hiyo kule kupita hakumfikishi mtu popote. Kinachobaki ni kwamba ulimwona au hukumwona. Kumpita mtu kimya ni kusema pale alipo ni patupu. Hata jeneza, likikuta mtu mbele, huomba njia, na walio hai hulijibu.

Tunacheka pia, msidhani hatucheki. Tunacheka habari ya Mzee Faki kiziwi, aliyetangulia njiani mbele ya machela ya mjamzito anayepelekwa zahanati. Wakamwomba njia, hasikii. Wakapaza sauti, hasikii. Wakamfuata mdogo mdogo mpaka mtoto akazaliwa pale pale kwenye machela. Mzee Faki alipofika kwake akageuka, akakuta nyuma yake umati na kichanga, akawagombeza mbona hawakuomba njia. Hadithi hii husimuliwa kila harusi na watu hushika mbavu. Lakini hakuna hata siku moja, kwenye harusi yoyote, aliyewahi kuuliza kwa nini hawakumpita tu. Swali hilo halijamfikia mtu. Nililisikia mara ya kwanza humu mjini, kutoka kwa mgeni.

Na hii ndiyo siri ya akina Kidawa wote kuwa wa mwisho. Wanaosema ni udhaifu, waacheni waseme. Bastola ya kuanzia inapolia, Kidawa husimama kando kidogo akawaachia wote watangulie, maana aliye wa mwisho hana wa kumwomba njia. Ukishakuwa nyuma ya watu wote unakimbia kwa amani yako. Wale wa mbele wana kasi, wanapotea, huwaoni tena, na mlango wa uwanja, ambao ukifungwa aliyebaki nje huhesabiwa hakumaliza, haufungwi mapema. Hesabu hiyo ilitutosha miaka yote. Haikuwahi kututokea kumkuta mtu wa polepole kuliko sisi.

Bastola ikalia. Wakanipita. Wakanipita kushoto, wakanipita kulia, mabega yao yanang'aa mafuta, na hakuna aliyeomba. Najua hawajui. Najua kwao kupita ndiyo mchezo wenyewe. Lakini mwili haujui kwamba wenzake hawajui, na kila aliyenipita kimya aliniondoa kidogo, mmoja kanipita nikapungua sauti, mwingine kanipita nikapungua kivuli, na walipokwisha wote barabara ilikuwa imebaki na fulana inayokwenda. Niliwahi kujiuliza kama Kidawa wa kwanza alikufa nyumbani kweli au alimalizikia hapa, na waliomzika nyuma ya msikiti walizika kilichobaki.

Barabara ya mbio ndefu hupita katika mji wote. Nilipita mbele ya jukwaa la washindi. Wameshasimama pale muda mrefu mno, wameletewa viti, wamekaa, wa kwanza anasinzia na medali imelala juu ya tumbo lake, na wimbo wa taifa lake unapigwa, ukifika mwisho unaanza tena. Sisi wetu haujapigwa hata mara moja. Hatuna hakika ubeti wa pili unaanzaje. Vuai anasema unaanza na bahari, mimi nasema unaanza na ardhi, na Pandu anasema hakuna ubeti wa pili. Nilipita chini ya televisheni kubwa kama nyumba, na ndani yake nikaona watu wamekaa kwenye madawati madogo wakitazama televisheni, na ndani ya televisheni yao mwanamke mdogo sana anakimbia chini ya televisheni. Nikampungia mkono. Akachelewa kidogo, kisha akanipungia.

Kimbia, Kidawa. Mimi si Kidawa. Basi nani anakimbia? Fulana. Fulana haina miguu. Miguu ni ya nani? Ya bibi. Bibi yuko wapi? Yuko njiani. Njia ipi, mama, njia ni moja. Njia ni moja na inazunguka, na hii hapa imenyooka, na kitu kilichonyooka kina mwisho, na kitu chenye mwisho kina mtu anayesimama mwishoni na funguo. Nani alimpa funguo? Ndilo swali. Hakuna aliyempa. Alikutwa nazo. Nimechoka, yaani nimechoka uchovu wa kurithi, uchovu uliovaliwa na wengine kabla yangu ukafuliwa ukaanikwa nikakabidhiwa mimi.

Ndipo nikamkuta yule bwana.

Mwanzo niliona mgongo. Mtu mrefu, mwembamba, makamo yangu au zaidi, goti la kulia limefungwa bandeji iliyolowa, anakwenda kwa kuchechemea. Mgongoni ana jina la nchi yake, jina fupi. Nililisoma. Nchi ndogo kama yetu, ya mbali, sijui hata iko bahari gani. Alikuwa peke yake kama mimi, na nilijua mara moja, bila kuambiwa, kwamba na kwao wamejaa chumbani mbele ya televisheni, na yeye ndiye wao wa mwisho. Mtu aliyebeba nchi nzima huonekana hata kwa nyuma. Anakwenda kana kwamba akikohoa watamwagika.

Nikapunguza mwendo. Nikasema, “Njia, ndugu yangu.”

Hakujibu. Nikadhani hakusikia, nikasema tena kwa sauti. Aligeuza uso kidogo, akanitazama, macho mekundu, akasema neno la kwao, akaendelea. Nikasema kwa lugha za watu wengine, yale maneno mawili matatu niliyookota kwenye korido. Nikamwonyesha kwa mkono. Alitabasamu. Alidhani namtia moyo, maskini, akaweka mkono kifuani akanishukuru. Na mimi nikabaki nyuma yake.

Msiniambie barabara ilikuwa pana. Najua ilikuwa pana, ilikuwa na upana wa kupita magari manne. Upana si ruhusa. Msiniambie pia ningemshika mkono nikaenda naye, kwa sababu kumgusa mwenzio katika mbio ni kufutwa nyote wawili, na vijana wa sheria walikuwa pembeni na vipenga vyao mdomoni. Nikaenda nyuma yake, mwendo wake ukawa mwendo wangu. Yeye akichechemea na mimi nachechemea, na kuna kipande cha barabara pale ambacho sikujua tena goti linaloniuma ni lake au langu. Na kule mbele mlango wa uwanja ulishaonekana, mlango mwembamba wa chuma, wa kuingia mtu mmoja mmoja, na mwenye funguo amesimama akitazama kwa mbali, ameshachoka na sisi.

Vuai akatokea. Alikuwa nje ya kamba, anakwenda sambamba na mimi, suti yake imelowa jasho, viatu mkononi. Alikuwa ameona kila kitu tangu mbali na hakuwa na haja ya kuniuliza. Vuai ni mtu wa kisiwani. Hawezi kumwambia mtu ampite mtu. Nilimwona neno linampanda, analimeza, linampanda tena.

“Dada,” alisema mwishowe, “mlango unafungwa.”

“Nimemwomba. Hajanijibu.”

“Hajui, dada. Hajui kama ameombwa.”

“Mimi najua.”

Akatembea kidogo. Kisha akalia. Mtu mzima, kiongozi wa msafara, analia huku anatembea peku, na alichosema alikisema kwa sauti ndogo, kama anayetukana mbele ya wazazi.

“Mpite.”

Hapo ndipo swali langu, lile nililokimbia nalo maisha yangu au ya wanawake wengine, lilipogeuka likanitazama usoni. Nikimpita huyu bwana kimya, jina la kisiwa litaitwa. Lakini litakaloitwa litakuwa nini? Kisiwa chetu hakina mlima, hakina mji, hakina wimbo uliokamilika. Ukitoa mawe na mihogo, kilichobaki ni hiyo njia na yale maneno mawili. Nikifika bila hayo nimefika na nini? Na nisipompita, basi yale maneno yatakuwa salama kabisa, safi, na hakutakuwa na mdomo wa kuyasema. Tutakuwa harufu kwenye korido. Niliona hakuna upande uliokuwa wangu, na wenye mji huu walishaona hivyo kabla yangu, na wala hawakupanga kwa ubaya, hawakutufikiria tu. Niliwachukia kwa hilo kuliko ambavyo ningewachukia kwa ubaya.

Nitasema ukweli wa nilivyoamua. Sikuamua kwa sababu ya nchi. Niliona madawati. Niliona watu wazima, mashangazi zangu wanene, wamejibana kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamegusa videvu, hakuna anayethubutu kwenda kujinyoosha asije akakosa. Nikaona siwezi kuwaacha wamekaa hivyo mahali pasipokuwapo. Na nilikuwa nimechoka, nilitaka kufika, kukaa chini. Vyote viwili, msichague kimoja.

Nikampita.

Nilifumba macho, kana kwamba nisipomwona sitakuwa nimempita. Nilisikia pumzi zake upande wa bega langu la kulia, kisha nyuma ya sikio, kisha nikasikia yeye akisema kitu, neno moja, kwa mshangao mdogo, kisha sikusikia tena. Aibu ilinishika hapa shingoni, chini ya jina la Kidawa, na haijaniachia. Nikaingia mlangoni. Mwenye funguo akanigusa begani kwa kidole, kunihesabu, akavuta mlango, ukalia. Nilipogeuka, yule bwana alikuwa amefika. Alikuwa ameshika vyuma vya mlango kwa nje kwa mikono miwili, na hakuvitikisa.

Walimwingiza baadaye kwa mlango wa pembeni, kwa sababu kazi ya kukunja humtaka na yeye. Wana desturi yao. Bendera ya nchi iliyokosa hukunjwa na watu wawili, mtu wa nchi hiyo na yule aliyeingia wa mwisho. Sikulijua hilo. Kila Kidawa aliyetangulia aliingia wa mwisho, na kila mmoja, bila shaka, alikunja bendera za watu, na hakuna aliyerudi akatusimulia. Wakatukabidhi kitambaa, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, katikati ya uwanja ule uliojaa watu. Tukakikunja kama tunavyokunja shuka nyumbani, mnasogeleana, mmoja anampa mwenzie pembe, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Alikuwa na mikono ya mtu wa shamba. Kila tuliposogeleana nilimtazama, na nilikuwa na maneno yote ya kuomba radhi ya lugha yetu, na hayakuwa na pa kwenda. Hakunikasirikia. Kama angenikasirikia ningeshukuru.

Tuliporudi nyuma mara moja, akageuka kuokota pembe iliyomponyoka, nikaona mgongo wake. Jina lilikuwa limefifia. Lile jina fupi nililolifuata nyuma mwendo wote ule, nikilisoma na kulisoma, mahali pake sasa palikuwa na uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, na nilipolitafuta kinywani halikuwamo. Na yeye mwenyewe nilimwona analitafuta. Midomo yake ilikuwa inajaribu.

Mwito wa mwisho ukaanza. Jina linaitwa, aliyemaliza anainua mkono, anahesabiwa. Nchi kubwa zilipoitwa ilinyanyuka misitu ya mikono. Orodha ikashuka, ikashuka, ikafika kwa wadogo. Na likaitwa letu. Niliwahi kulisikia likiitwa kwa masikio ya akina Kidawa wote, na kila mara, wanasema, mwili husisimka. Safari hii halikunishika popote. Nilimsikia Vuai kule juu jukwaani anapiga kelele niitike. Mkono wa Vuai hauhesabiwi, wala wa Pandu. Wanaohesabiwa ni walio chini uwanjani. Likaitwa mara ya pili. Nilijaribu kuinua mkono, wallahi nilijaribu. Ulikuwa mzito, na hapakuwa na mtu wa kuushika upande wa pili.

Wanaita mara tatu tu.

Walipoanza mara ya tatu, nilimshika yule bwana kiwiko, nikauinua mkono wake juu. Hakupinga. Alidhani ndivyo inavyofanywa. Mhesabu akanyoosha kidole kutoka mbali, akaona mkono, akahesabu mkono, na jina la nchi inayofuata likaitwa. Ndivyo ilivyokuwa. Kule skuli wameona kwenye televisheni mtu mrefu wasiyemjua, mwenye goti la bandeji, akiitika kwa jina lao, na sijui walifanya nini. Natumaini walinyanyuka wakanyoosha miguu.

Vuai alishuka akaja mbio, viatu bado mkononi, uso wake haujui ukae vipi.

“Dada,” alisema, “huyu si mtu wetu.”

“Mtu wetu hampiti mtu kimya, Vuai. Mtafute wewe, kama yumo humu uwanjani.”

Alitazama kile kitambaa kilichokunjwa mikononi mwetu, akamtazama yule bwana, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akavua koti la suti yake, ile moja, akamvika mabegani, maana alikuwa anatetemeka. Likamfika juu ya kiuno. Tukasimama pale watatu, watu wanatoka, wengine wanaingia, kufunga na kufungua kunapishana tena juu ya vichwa vyetu.

Yule bwana akanigusa mkono. Alijionyesha kifuani kwa kidole, kisha akaonyesha kule juu ilikotoka sauti ya mwito, akanitazama akingoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiuliza nchi yake inaitwaje. Nikamtajia jina la kisiwa chetu. Akakosea. Nikamtajia tena, polepole, mpaka akaweza.